Sahani Tupu Chini ya Kawa

Siku hizi mtu akiwa mkaidi, mdadisi, hasikii la mkubwa wala la mdogo, na kila akiona kitu kimetulia anakipindua kutazama chini yake kuna nini, wanamwita mjasiriamali. Anapewa cheti, anapigwa picha, anapewa na chupa ya maji. Tamima binti Matar alifanya kosa la kuzaliwa mapema. Wakati wake, katika vichochoro vya Kiponda, mtu wa namna hiyo aliitwa mwanamke asiyetulia, na maji alikunywa ya mtungini kama watu wote.

Alikuwa mke wa Zahran. Ukitaka kumwona Zahran ilikubidi uende Maskati, kwani mwaka wa themanini na sita alipanda ndege kwenda kutafuta maisha, na maisha, inaonekana, yalikuwa yamejificha vizuri sana. Barua zake zilinukia udi, zilijaa salamu, na kila moja iliahidi mwezi ujao. Tamima akabaki katika nyumba ya ukoo wa mumewe, ghorofa ya juu kabisa, karibu na mbingu na mbali na maamuzi. Chini yake alikaa mkwewe, Bi Wafaa, ambaye magoti yake yaligoma kupanda ngazi lakini macho yake hayakuwahi kugoma. Barazani alikaa shemeji yake, Majid, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu kwa nini hakuna kazi. Na nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, alikaa wifi yake, Shaima, aliyeozwa karibu ili asije akakosa wa kumchunga.

Ukoo huo zamani ulikuwa na mashamba. Mashamba yalikwenda na walioyachukua, ila yaliacha nyuma tabia za wenye mashamba, ambazo hakuna aliyetaka kuzichukua. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: hakuna mtu wa nyumba ile aliyeuza kitu.

"Sisi si watu wa kuuza," Shaima alikuwa akisema, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha mvua ikinyesha.

Basi Tamima alikula. Huo ndio ulikuwa wajibu wake wote katika nyumba ile: kula, kushukuru na kungoja. Kila alipokata tonge alihisi jicho likimsindikiza mpaka mdomoni, likingoja amalize kutafuna. Hakuna aliyemsema. Wangemsema angejibu. Walimtazama tu, kwa upole, kama anavyotazamwa mgeni aliyesahau kuondoka. Alichokitaka duniani kikawa kidogo mno: tonge moja la jasho lake, alile bila kushuhudiwa.

Alikuwa na kasoro nyingi, lakini iliyomwokoa kwanza ni umbeya. Alikuwa akisimama darini jioni za Ramadhani, wakati wa kungoja mzinga wa kufungulia, akitazama sahani zikipita. Mji ule jua linapoelekea kuzama, kila nyumba hupeleka kitu kwa jirani: mkate wa kumimina, katlesi, tambi za sukari, kibakuli cha viazi vikuu vya nazi. Sahani inafunikwa kawa, lile pambo la ukili lililosukwa mfano wa kofia ya mfalme, na hakuna anayeuliza chini yake kuna nini. Kuuliza ni utovu wa adabu. Kufunua ni ukichaa. Na sahani ikishafika, hairudishwi tupu. Inangoja mpaka na wewe upike chako.

Watu wote waliona jambo hilo tangu utotoni na kusema, mashaallah, ujirani mwema. Tamima alilitazama akasema moyoni: hii ni barabara, na hakuna polisi.

Kwa sababu alijua jambo jingine, ambalo mbeya tu ndiye hulijua. Nusu ya wanawake wa mtaa ule walikuwa hoi. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, bidhaa za Dubai zimejaa Darajani, wengine wameingia maofisini, wengine wanasafiri na kurudi na mabegi, na wote wanarudi nyumbani alasiri, na saumu zao, kukuna nazi. Kununua mkate sokoni hawawezi. Mke wa mtu kuonekana Darajani ananunua futari ni sawa na kupandisha bendera kwamba ndani hamna mwanamke. Wangekufa kwanza, na wengine, ukiwatazama saa kumi na moja jioni, walikuwa wamekaribia.

Akamwita Wanu.

Wanu alikuwa mtu wa Makunduchi aliyehamia Jang'ombe, mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu na mzito wa kushangaa. Alikuwa akiuza ukwaju na bizari mlango kwa mlango, kwa hiyo aliyajua majiko yote ya mji kwa harufu.

"Nipike mie, upeleke wewe," Tamima alimwambia. "Katika sahani ya mwenyewe, chini ya kawa ya mwenyewe. Atakayekuona njiani atadhani umetumwa na jirani."

"Nimetumwa na jirani yupi?"

"Yeyote. Watu wenyewe watachagua."

Wanu alifikiri. "Na wakiniuliza anayepika nani?"

"Sema yuko Jang'ombe, na hapendi kujulikana."

"Bi Tamima, wewe ungekuwa mwanamume ungeshafungwa," Wanu alisema, kwa heshima zote.

Ikabaki shida ya jiko. Mkate wa kumimina hupikwa mmoja mmoja, sufuria moja, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na mpishi ameinama kama anayetafuta pete. Kwa mwendo huo angelisha nyumba mbili, ya tatu ingefuturu kwa dua. Tamima alikwenda kwa fundi mmoja wa bati akamwonesha pipa la mafuta, akamwambia alilaze, alipasue mlango ubavuni, alitie vyuma ndani kama rafu za kabati, na makaa yakae chini na mgongoni.

"Hii oveni ya nini?" fundi aliuliza.

"Ya kukaushia nguo," Tamima akamjibu, maana alishajua kwamba mwanamume akielezwa jambo la kweli hulipinga, na akielezwa la upuuzi hulitengeneza.

Pipa halikupita ngazini. Lilipandishwa kwa kamba upande wa nyuma wakati wa sala ya Ijumaa, Majid na baraza lake zima wakiwa msikitini. Baadaye Majid alikaa kitako chini ya pipa lile lile akawafafanulia wenzake kwamba nchi hii tatizo lake ni moja, watu hawana mawazo mapya. Wenzake wakatikisa vichwa kwa uchungu. Harufu ya iliki ikawashukia kutoka juu, wakasema, kumbe Ramadhani ina baraka zake.

Ikashika. Wanu akawa mtumishi wa kila nyumba bila kuajiriwa na hata moja. Jioni alipita na sahani zimejaa; asubuhi alipita kukusanya sahani za oda za siku hiyo, na hizo zilikuwa tupu, lakini nazo alizifunika kawa, kwani sahani tupu ikitembea hadharani mwezi wa Ramadhani ingeita watu. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Wake waliketi na waume zao, wakasema "nimechoka leo, lakini nimejitahidi," na waume wakasema "Mungu akuzidishie."

Ila ubunifu una adhabu yake. Siku moja, muda mfupi kabla ya magharibi, hodi ikapigwa, na mke wa Borafya wa mtaa wa nyuma akaleta sahani kwa mkono wake mwenyewe.

"Kidogo tu, Bi Tamima. Nimeupika mchana huu, mikono bado inaniuma."

Tamima akafunua kawa. Mkate wake mwenyewe ukamtazama. Aliujua kwa ule ukingo uliobonyea palipo na chuma kibovu cha rafu ya pili.

"Umetaabika sana," alisema.

"Wallahi tena!"

Mtu mwingine angecheka. Tamima alishikwa na baridi. Kama mkate umerudi kwake, basi mtaani umekuwa ukizunguka nyumba kwa nyumba, na siku moja wanawake watakutana na kula mkate mmoja uliopikwa na watu sita. Usiku ule hakuongeza rakaa hata moja. Alitafakari biashara, Mungu amsamehe. Kesho yake kila nyumba ikapata mkono wake. Kwa mmoja alizidisha nazi. Kwa mwingine alitia iliki kidogo na tone la maji ya mawaridi. Mwingine alipenda kujisifu kwamba hapimi sukari, basi sukari yake haikupimwa. Na mke wa Borafya, ambaye tangu alipoolewa alijulikana kwa kuunguza, mkate wake uliunguzwa kidogo upande mmoja, kwa ustadi, kwa heshima yake.

"Huyu mwanamke wa Jang'ombe ananijua kama mama yangu," mke wa Borafya alimwambia Wanu, machozi yakimlengalenga.

Na Shaima? Shaima alikuwa mteja wa mwanzo kabisa. Alikuwa na jina la mkate mtaa mzima, na jina hilo lilianza, kwa bahati ya ajabu, Ramadhani ile ile pipa lilipopanda. Oda yake aliitoa kwa mnong'ono uani, sahani yake ya maua ya bluu, chini yake alama ya rangi ya kucha nyekundu, kwani kila nyumba hutia alama vyombo vyake visipotee. Kisha alivaa buibui lake, akaja kwa mama yake, akakaa mkekani akanusa hewa.

"Mama, nyumba hii inanuka jiko. Moshi ule wa juu si wa mtu mmoja. Watu wanasema kuna anayepika vya kuuza huku mjini, na mie moyo wangu unanituma juu."

"Moyo wako unatumwa sana," Bi Wafaa alisema.

"Sisi si watu wa kuuza, Mama! Kama ni kweli, arudi kwa kaka yake Bumbwini, akauze huko mihogo. Jiko lile tulifunge, chumba nimtilie Majid."

Tamima aliyasikia yote kutoka ngazini, na bakuli la unga mkononi. Bumbwini kwa kaka yake Mabrouk kulikuwa na minazi kumi na mke wa kaka mmoja, na huyo mke macho yake yalikuwa makali kuliko ya nyumba hii yote. Kule angekula na kutazamwa mpaka kufa. Akapanda juu, akawasha pipa. Hiyo ilikuwa kasoro yake nyingine: akiogopa, alipika.

Asubuhi moja ya Ramadhani ya tatu tangu pipa lipande, mwezi umefika katikati, Bi Wafaa alikuwa amekaa kwenye kiti chake ukumbini, mlango wa mbele uko wazi. Wanu akaingia na sahani zake, kawa juu, akielekea ngazini.

"Wee, mwana wa Makunduchi."

"Naam. Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Njoo hapa."

Wanu akaja. Na Bi Wafaa, ajuza wa ukoo, hajapata kukosa adabu tangu enzi za sultani, akanyoosha mkono akafunua kawa.

Sahani tupu. Asubuhi, watu wamefunga, sahani tupu inapanda kwa mkazamwana wake imefunikwa kama bibi harusi. Aliitoa ya juu, akaipindua, akaitazama chini yake kwa muda. Kisha akaiweka mapajani.

"Hii niachie. Mwambie Tamima baada ya alasiri ashuke. Na Shaima aitwe. Na yule pale barazani, kama kazi zinamruhusu."

Wanu alipofika darini alikuwa hana pumzi. "Bi Tamima, leo tumekwisha. Amefunua."

"Sahani ya nani?"

"Ya wifi yako."

Tamima akakaa chini kando ya pipa. Kwa mara ya kwanza tangu Zahran aanze kumtuliza kwa barua za udi, alishika silaha. Neno moja tu mbele ya mkwewe, "sahani hii ni ya Shaima, nampikia mie," na Shaima asingenyanyua uso Kiponda mpaka anazikwa. Alilionja neno lile. Lilikuwa tamu kuliko mkate. Halafu akafikiria nyumba nyingine zote, wanawake wote wale waliompa sahani zao zenye alama, na akaona: siku atakapomtaja mmoja, hakuna atakayemletea sahani tena. Alichokuwa akiuza hakikuwa mkate. Mkate ulikuwa nyongeza.

Baada ya alasiri wakakaa mkekani. Shaima alianza kabla ya salamu kupoa.

"Mama, mimi nshasema na narudia. Mwanamke anauza chakula chini ya dari ya marehemu baba! Na hao wanaonunua, astaghfirullah, hao nao wanawake? Watu hawajui hata kuumua unga, wanakula vya Jang'ombe, wanawadanganya waume..."

"Wana dhambi, hao," Bi Wafaa alisema.

"Kubwa!"

"Basi." Akatoa sahani chini ya upande wa kanga yake, akaiweka katikati ya mkeka, kifudifudi. Doa la rangi ya kucha likawaka kama jicho. "Hii imefumwa asubuhi inapanda juu. Tupu. Chini ya kawa. Nani ataniambia ni ya nani?"

Majid alifungua mdomo aeleze, akakuta hana cha kueleza. Shaima aliitazama sahani, akamtazama Tamima, akaitazama tena sahani, na ukaonekana usoni mwake ule mwendo wa polepole wa mtu anayegundua Jang'ombe iko wapi. Rangi ikamtoka, ikabaki ile ya kwenye sahani tu.

"Ni yangu, Mama," Tamima alisema. "Yaani ya wifi, lakini mie nimeiazima. Nimeyapenda maua yake."

Bi Wafaa akamgeukia binti yake. "Kweli?"

"Kweli, Mama," Shaima alisema, kwa sauti ambayo haikuwa na dirisha wala mlango. "Aliiazima kwangu. Mimi nikampa."

"Mwaka juzi pia aliyapenda maua?"

"Naam," Tamima akajibu.

"Na mwaka jana?"

"Naam, Mama," wakajibu wote wawili.

Bi Wafaa akaanza kutikisika. Walidhani ni homa. Alikuwa anacheka, kicheko cha ndani cha mtu aliyekificha muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Shaima, mama yangu, mimi ndiye niliyekufundisha kupika. Nilikufundisha mpaka nikachoka, na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakula mkate wako akiukata kwa shoka. Siku mkate wako ulipoumuka nilijua Mungu ana muujiza au Tamima ana pipa. Nikasema nitangoja nione kipi kati ya viwili." Akamgeukia Tamima. "Na wewe. Mwanamke anayeweza kumsitiri adui yake kwa uongo mzuri namna hii, mbele ya mkwewe, na saumu kinywani, atashindwa na biashara gani? Jiko libaki."

"Lakini Mama," Majid alisema, "neno biashara katika nyumba hii..."

"Nani amesema biashara? Sisi si watu wa kuuza. Sisi tunapelekeana. Na wakipenda kushukuru, hatukatai. Tamima, moshi wa pipa lako unanichafulia kanga zangu za kuanika. Tafuta bomba. Na saumu ya leo uijutie, wallahi, uongo ni uongo."

Hivyo ndivyo ilivyoanzishwa, bila mkutano mwingine wala muhuri, kampuni ya kwanza ya mtaa ule, na Majid akajiteua msemaji wake barazani, akiwaambia wenzake kwamba yeye siku zote alikuwa akisisitiza suala la mawazo mapya.

Jioni ile Tamima alifuturu darini peke yake. Alikata tonge, akalitia mdomoni. Alitazama huku na huku kwa mazoea. Hakukuwa na jicho. Akalia kidogo, si sana, kwa sababu mikate mingine ilikuwa inangoja kutolewa.

Miaka ikaenda. Zahran aliyapata maisha Maskati, na watoto wake watatu, na talaka ikaja kwa barua iliyonukia udi ule ule. Bi Wafaa alifariki na kanga safi. Pipa likapokewa na oveni za gesi, chumba cha chini kikawa duka lenye mlango wa mbele, na Wanu akawa na wasichana wa kubeba anaowafokea kwa Kimakunduchi. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, ikaingia na semina. Mradi mmoja, jina lake refu kuliko kazi yake, uliwaita akina mama kwenye hoteli ya ufukweni kufundishwa kuwa kile walichokwisha kuwa tayari. Kijana mwenye tai aliandika sifa za mjasiriamali kwenye karatasi kubwa ukutani: uthubutu, kuona fursa, kutokata tamaa, utafiti wa soko. Sambusa zilizoletwa mapumzikoni Tamima alizitambua, zilikuwa zake.

Shaima alikuwa amekaa kiti cha mbele, maana alishazoea kujiita mwanzilishi mwenza. Akamwinamia.

"Wifi," alinong'ona, akiitazama karatasi, "hayo si ndiyo tuliyokuwa tukikusema?"

"Ndiyo hayo. Wameyafua tu na kuyapiga pasi."

"Sikujua kama yana majina mazuri hivyo."

Ramadhani ya mwaka huo duka liko wazi, mlango wa mbele, foleni hadharani, na wake za watu wananunua mchana kweupe bila bendera yoyote kupanda. Kila mtu isipokuwa mmoja. Asubuhi sahani ya maua ya bluu hupita uani imefunikwa kawa, tupu. Jioni hurudi imejaa. Na siku moja, kabla ya magharibi, hodi ikapigwa darini. Shaima, anatweta kwa ngazi, sahani mkononi.

"Nimekupikia kwa mkono wangu, wifi. Ule ukiwa moto."

Tamima akafunua kawa. Akakata kipande, adhana ilipoita akakitia mdomoni, Shaima akimtazama akitafuna. Safari hii jicho lile halikumuuma.

"Mtamu. Umetaabika."

"Mwaka huu lakini naona," Shaima alisema, akiyatazama mapaa ya jirani, "iliki imenizidi kidogo mkono."

"Eh?"

"Kidogo tu. Na nazi ningeiongeza."

Tamima akaonja tena, taratibu. Alisema kweli, mwanamke huyu ambaye hajapata kuumua unga. Kesho yake asubuhi Wanu alipokuja na sahani, Tamima alipunguza iliki, kwa nyumba zote.